Mwaka Mtaa Ulipomlilia Nafula

"Kama dawa ndiyo inanifanya hivi, huo ugonjwa wenyewe kazi yake ni nini?" Nafula aliniuliza hivyo akiwa amelikumbatia beseni la hospitali. Mwaka ule nilikuwa na neno juu ya kila kitu. Nilikuwa nimesoma miaka miwili ya chuo kikuu. Kisha chuo kikafungwa, kama kilivyokuwa kikifungwa kila mara miaka hiyo ya themanini, tukaambiwa kila mtu aende kwao. Sikwenda kwetu. Nilibeba vitabu vyangu nikaenda mtaa wa Kaloleni kwa dada yangu Nafula, aliyekuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini, na kabla sijazoea kitanda chake daktari akawa ameupa jina uvimbe uliokuwa shingoni mwake. Kansa ya tezi. Nilisoma kila nilichoweza kupata kuhusu jina hilo. Nilijua kwamba dawa zile huua chembe zinazokua upesi, na kwamba hazibagui, ndiyo maana mtu hutapika, hutokwa na vidonda mdomoni, hupoteza nywele. Lakini Nafula hakuwa ameuliza habari za chembe. Aliuliza kama mtu aliyeajiri wafanyakazi wawili na anataka kujua amfute yupi.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Ouma, aliyekuwa jirani yetu Kaloleni. Matanga yalikuwa mtaa wa Fedha, kwa mwanawe, si mbali na ninapokaa siku hizi. Ukisimama kwenye roshani yake unaziona ghorofa za mtaa wa Pipeline zimebanana, nguo zimeanikwa kila dirisha, na ni vigumu kumweleza kijana kwamba huku kote kulikuwa na nyasi. Sisi wa zamani tuliketi upande mmoja na viti vyetu vya plastiki, na mzee mmoja akasema, "Nekesa, hebu waambie hawa watoto vile Mama Ouma alimlilia mtu ambaye yuko wadi anakunywa uji." Nikasimulia. Walicheka mpaka waliokuwa wakipika chai wakatoka jikoni kuja kusikiliza. Ni hadithi ya kuchekesha ukiikata mahali panapofaa, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiikata pale pale. Hapa nitaiandika yote.

Chumba cha Nafula kilikuwa na kitanda kimoja, meza yenye kitambaa alichokifuma mwenyewe, redio, na pazia lililotenga kitanda na jiko la mafuta ya taa. Maji tuliyapata nje, kwenye bomba moja tulilochangia na majirani, na hapo bombani ndipo habari za mtaa zilipopimwa uzito kabla ya kusambazwa. Asubuhi nilichemsha uji wa wimbi uliochachushwa, nikauacha upoe, nikaumimina kwenye chupa na kupanda basi hadi hospitalini. Baada ya kozi ya kwanza ya dawa Nafula alikuwa amesema kila chakula kina ladha ya msumari. Ugali wa wadi na kabichi yake ya kuchemsha hakuweza hata kuvitazama. Uji baridi, mchachu, ndio uliopita katikati ya vidonda vya mdomo bila ugomvi mkubwa.

Wadi ilikuwa na safu mbili za vitanda na madirisha yaliyowekwa juu sana, ukaona mbingu tu. Kati ya dawa walizotundikiwa wagonjwa kulikuwa na moja nyekundu, na wao waliiita jusi. Kwenye kitanda cha pili kutoka kwa Nafula alilala mwanamke wa Murang'a aliyekuwa na kibanda cha viatu vya ngozi katika soko la Kariokor. Tulimwita Mama Wambui. Alikuwa ametangulia kozi mbili mbele ya Nafula na alijiona kama mwanafunzi wa darasa la juu.

"Jusi ya leo ni ya nani?" sista aliuliza siku moja akisukuma kitoroli chake.

"Mpe huyu wa magharibi," Mama Wambui akasema. "Labda itamsahaulisha ugali."

Nafula alikuwa amefumba macho. "Afadhali sisi wa ugali. Nyinyi na maharagwe yenu, usiku wadi nzima inajua mmeshiba."

"Ngoja ufike kozi ya tatu," Mama Wambui akamjibu. "Hata hiyo harufu utaitamani."

Niliyasikiliza maneno kama hayo kwa miezi, nikiwa nimeshika kitabu ambacho sikufungua ukurasa wake. Nilikuwa nimezoea mazungumzo ya kushindana, ambayo mtu mmoja lazima abaki amenyamaza. Haya hayakuwa na mshindi. Yalikuwa kama kusukumiana mpira usianguke. Dawa mojawapo ilipoanza kumtia Nafula ganzi miguuni, akawa hajui kama kiatu kimemvuka au la, Mama Wambui alimtuma binti yake kibandani, akaletewa viatu vya tairi vyenye kanda pana za kufunga kisigino. "Hivi," alisema, "hata ukivisahau, vyenyewe vinakumbuka mguu."

Nywele zilianza kutoka kabla ya kozi ya pili. Nafula alikuwa na nywele nyingi, alizozinyosha kwa kitana cha moto kila Jumamosi, na sasa zilibaki kwenye mto kila alipoinua kichwa. Aliniambia nilete wembe. Mimi nami nilikuwa na nywele zilizosimama pande zote, ambazo sikuwa nikizichana kwa sababu ambazo wakati ule niliziona ni za kisiasa.

"Ninyoe," alisema, "lakini usinitazame hivyo na huo msitu wako."

"Nywele ni nywele tu," nikamwambia. "Ni kitu kilichokwisha kufa kikiwa bado kichwani."

"Basi toa zako."

"Hapo amekushika," Mama Wambui akasema kutoka kitandani kwake.

Nilimnyoa Nafula, kisha nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama Wambui. Mkono wake ulikuwa umezoea kukata ngozi kwa kisu, na alininyoa bila kunikwaruza hata mara moja. Nafula alitutazama, akashika kichwa changu, akashika chake, akasema, "Sasa tumefanana kama mayai. Lakini ukipita mtaani watakuuliza."

"Acha waulize."

"Haya."

Alichomaanisha nilikijua. Kwetu, ndugu wa marehemu hunyolewa nywele baada ya maziko. Nilikuwa nimeiweka desturi hiyo kwenye fungu moja na mengine mengi niliyoyaona hayana msingi, na sikudhani kwamba jambo nisiloliamini lingenitambua likiniona njiani. Nilishuka kwenye basi jioni, kichwa kikipigwa na upepo. Vijana waliokuwa wameegemea ukuta wa ukumbi wa mtaa walinipigia mluzi. "Sasa, siste! Nani amekunyoa, karao?" Nikawapita, wao na polisi wao. Bombani alikuwepo Mama Ouma anajaza ndoo. Aliponiona alifunga bomba, ndoo ikiwa nusu, akakitazama kichwa changu kwa muda mrefu.

"Mmemzika wapi?" akauliza.

Sauti yake haikuwa ya huzuni. Ilikuwa ya hasira. Kwa hesabu yake, kichwa kilichonyolewa ni maziko yaliyokwisha, na maziko yaliyokwisha bila yeye kujua maana yake ni kwamba msichana wa chuo kikuu amemfukia dada yake katika makaburi ya jiji, kimyakimya, kama mtu asiye na kwao.

"Hatujamzika," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Lakini "hatujamzika" ni neno la mtu aliye na maiti. Mama Ouma aliweka mikono kichwani. "Kwa hivyo bado amelala hospitali?" Nikasema ndiyo, amelala hospitali, maana ndiko alikokuwa amelala, na hapo akapiga ukemi uliofungua milango ya safu yetu yote. Nikapaza sauti: hajafa, Mama Ouma, hajafa. Na hata nikiwa katikati ya zogo lile, sehemu fulani ya akili yangu ilikaa pembeni ikashangaa kwamba Kiswahili hakina njia nyepesi ya kusema mtu hajafa bila kudokeza kwamba siku yake iko njiani. Waliosikia kwa mbali walisikia kufa tu. Waliosikia kwa karibu walisema nimechanganyikiwa kwa majonzi, wakanishika mikono.

Jua lilipotua benchi za kanisa zilikuwa zimeshafika. Mtu alileta sukari, mwingine majani ya chai, wanawake wakaanza wimbo wa kuaga. Nilieleza mara moja, nikaeleza mara ya pili, na kila nilipoeleza kulikuwa na mtu mpya aliyeingia ambaye hakuwa amesikia. Baba Ouma alifanya kazi ya simu katika reli, na kwa nia njema kabisa alikuwa ameshapitisha habari kutoka stesheni hadi stesheni mpaka kwetu kijijini. Mwishowe wazee wawili wa kanisa walisema watakwenda wenyewe hospitalini asubuhi kuhakikisha. Walimkuta Nafula ameketi, kipara kinang'aa, anakunywa uji. Mmoja alivua kofia, akasema, "Tumekuja tu kukusalimu, binti." Hapa ndipo huwa naikata hadithi.

Nafula mwenyewe alicheka kuliko wote. Alitaka kujua kila kitu. Walilia kwa sauti? Mkubwa wake wa ofisi alifika? Wimbo upi? Nilipomtajia wimbo alikunja uso: "Huo ni wa wazee. Wangeniuliza." Lakini niliporudi siku iliyofuata alikuwa ametulia kwa namna nyingine. "Unajua," alisema, "sasa sina kitu kilichobaki. Watu wamekuja, wameimba, wamekunywa chai. Imebaki tu mimi kwenda." Nilimwambia huo ni upuuzi. Alisema hakuwa ametoa hoja, alikuwa anasema tu.

Mama yetu alikuwa tayari ndani ya gari moshi wakati habari ya kusahihisha ilipofika kwetu. Nilikwenda kumpokea stesheni. Alishuka na kitambaa cheusi kichwani na kikapu mkononi, akakitazama kichwa changu, akaniangukia begani. Safari hii nilichagua maneno. "Mama, Nafula yuko hai." Aliketi juu ya kikapu chake pale pale, watu wakimpita. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. "Basi niletee maji ya kunywa."

Tangu siku hiyo alikaa nami Kaloleni. Sikumbuki akiuliza swali lolote juu ya ugonjwa. Alikuja wadini na mimi, akaketi, akazikanda nyayo za Nafula zilizokuwa na ganzi, akarudi, akapika. Kimya chake kiliniudhi. Mimi niliuliza madaktari, niliuliza masista, niliuliza hata mfagiaji, na jioni nilimletea Mama majibu kama mtu anayeleta samaki nyumbani, naye akasema, "Vizuri," akageuza ugali.

Kozi ya tatu ilimvunja Nafula. Damu yake ilishuka, homa ikapanda, akawekwa pembeni ya wadi nyuma ya pazia, nasi tukazungumza naye tukiwa tumefunga vitambaa mdomoni. Alipotoka nyuma ya pazia kitanda cha Mama Wambui kilikuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyetuambia kwamba ameruhusiwa kwenda nyumbani. Nafula aliangalia viatu vya tairi chini ya kitanda chake, akavisogeza kwa mguu visiguse ukuta, kisha akasema kwa utulivu kwamba hatachukua kozi ya nne. Alitaka kwenda nyumbani. Alitaka kulala kwenye nyumba yenye giza, asikie ng'ombe, aachwe.

Nilimbishia kwa siku nyingi. Daktari alikuwa amesema tezi zimenywea, kwamba akimaliza kozi zote sita ana nafasi nzuri ya kupona, na akiacha njiani ugonjwa utarudi ukiwa umejifunza dawa. Nilimpangia Nafula hayo yote kwa utaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza tangu utoto, kisha akasema, "Hiyo yote ni kweli, Nekesa. Lakini si wewe unayetapika." Nilimgeukia Mama nikamwambia aseme neno. Mama alisema, "Mtoto amechoka." Nikadhani ameafiki. Jioni ile nilimwona anakunja nguo za Nafula na kuzitia kikapuni.

Kesho yake Mama alitaka tumwone daktari. Alikuwa kijana, mchovu, anazungumza Kiingereza upesi, nami nikatafsiri. Nilitarajia Mama aombe ruhusa ya kumwondoa mgonjwa. Akasema, "Muulize nywele zitarudi lini." Kati ya maswali yote. Nilikaribia kukataa kutafsiri. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema zitarudi, ila haziwezi kukua zikanawiri mpaka dawa zimalizike, na baada ya hapo ni miezi michache. Mama aliitikia kwa kichwa, akashukuru, tukapanda basi kurudi.

Siku iliyofuata alifika wadini amevaa kitenge chake kizuri. Hakuketi. Alimwambia Nafula kwamba kuna jambo ambalo alipaswa kutuambia tangu mwanzo, akasita kwa sababu ni zito. Kwetu, alisema, mtu aliyeliliwa akiwa hai ni mtu aliyefunguliwa kaburi. Haruhusiwi kukanyaga boma la baba yake na kichwa kitupu. Lazima nywele ziote mpaka ziweze kusukwa, na mama yake azisuke kwa mkono wake, ndipo avuke lango. Akivuka kabla ya hapo, kile kilio kilichokosea njia kitamfuata, kama si yeye basi mtoto mwingine wa boma hilo.

"Hata nikiwa mgonjwa?" Nafula akauliza.

"Hata hivyo."

"Hata nikiwa nakufa?"

Mama alinyoosha shuka miguuni mwa Nafula. "Hata hivyo," akasema.

Nilimfuata hadi kwenye ujia wa nje na kumwambia maneno ambayo binti hamwambii mamake. Nilimwuliza ni mila gani inayomfungia mgonjwa mlango kwa sababu ya nywele, kichwa ambacho ni dawa zilizokinyang'anya nywele, na kilio kilichotokana na jirani kukosea. Nilimwambia kama hiyo ndiyo dini ya wazee, basi wazee walikuwa wakatili au wajinga. Alikuwa anafunga vizuri kitenge chake. "Umemaliza?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi rudi ndani, dada yako asikae peke yake."

Hakuna kati yetu aliyeweza kumpinga kwa ujuzi, maana hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyeliliwa akiwa hai. Nafula alilala ametazama ukuta siku nzima. Jioni akasema, "Kama ni kungojea nywele, wacha nizingojee hapa. Angalau hapa kuna watu." Tundu la hoja hiyo nililiona papo hapo: akiacha dawa leo, nywele zitaota mapema zaidi, na lango litafunguka mapema zaidi. Nilikuwa mtu wa kuonyesha matundu. Nilimimina uji kwenye kikombe nikampa.

Alichukua kozi ya nne, ya tano na ya sita. Hazikuwa nyepesi kwa sababu alikuwa amekubali. Alitapika vilevile, na nilibeba beseni vilevile. Mama alikaa mpaka mwisho, na nadhani tulizungumza kidogo sana mimi naye. Chuo kilifunguliwa nikarudi, nikawa natoka darasani kwenda wadini. Nywele za Nafula ziliota laini kama za mtoto mchanga, zikawa fupi muda mrefu, kisha zikasukika. Mama alimsuka mistari minne ya kubabaisha mbele ya mlango wa Kaloleni, Mama Ouma akishika taa ya chemli maana jioni ilikuwa imeingia, na kesho yake wakapanda gari moshi. Nafula alivuka lango. Hakupatwa na kitu, wala mtoto mwingine wa boma letu. Sasa ana wajukuu, anakaa Kitale, na analalamika kuhusu magoti.

Mama alifariki nikiwa na nywele nyeupe tayari. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa jikoni kwa mdogo wake, mama yetu mdogo, tukichambua mboga, na katika kutafuta mazungumzo nikamwuliza ule mwiko wa mtu aliyeliliwa akiwa hai unatoka wapi, na kama unawahusu wanaume pia. Aliniomba nirudie. Nikarudia: kichwa kitupu, lango, kusukwa na mama.

"Huo hauko," akasema. "Kwetu mtu kama huyo akirudi anachinjiwa kuku, anakula, watu wanamcheka. Nywele haziingii." Alichambua majani mengine mawili matatu. "Lakini mama yenu alinitumia neno mwaka ule, kwamba mkija kuniuliza niseme upo. Nikawangojea. Nafula hakuja kuniuliza. Wala wewe."